Uso Umejaa, Mfupa Mtupu

Isingiro, Kyerwa
Alhamisi, 9 Januari 2025

Kwako mke wa Gideon,

Simu umenifungia, sawa. Dumu la maziwa huwezi kulifungia. Barua hii nimeiviringisha kwenye nailoni nikaifunga kwenye mshikio, na Melkiory atalishusha dumu Kayanga kutoka kwenye basi lake kama kila Alhamisi, bodaboda alifikishe Ihembe. Ukimaliza kuniibia maziwa, nijibu. Jibu liweke ndani ya dumu tupu.

Habari za mama nimezipata kwa watu baki. Mimi, mtoto wake wa kwanza, niliyetoka tumboni mwake kabla ya huyo mumeo, nimeambiwa na muuza mitumba mnadani kwamba mama amevunjika mkono na amefungwa hogo la plasta mpaka kwenye kiwiko. Nilipouliza ameangukia wapi, akasema, "Wanasema aliteleza jikoni." Wanasema! Akina nani hao? Jikoni kwa mama mpo wawili tu, wewe na yeye.

Nisikilize, Avelina. Mama Pulkeria hajawahi kuanguka. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akibeba mkungu kichwani na mimi mgongoni kutoka Ihembe mpaka sokoni Kayanga, tena mvua inanyesha. Mtu wa namna hiyo hatelezi tu akavunjika kama bua la mtama. Anasukumwa, au ananyimwa chakula mpaka mifupa inageuka bua. Chagua moja, yote mawili ni yako.

Na maziwa je? Tangu tumzike baba, huu mwaka wa sita, sijaacha kumletea mama mgando wa ng'ombe wetu. Nilipokuja Krismasi nikamkuta mwanao Ainebyona ana ndevu nyeupe za maziwa na bibi yake anakunywa chai ya rangi. Nikanyamaza kwa sababu uso wa mama ulikuwa umejaa, nikajiambia walau anabakiziwa. Lakini gauni la kanisani nililomshonea nililiona linaburura chini. Nilimpima mwenyewe kwa futi yangu. Umembadilishia, ukampa la kwako?

Sasa sikia. Mume wangu Muhangi amemsikia daktari redioni akisema ipo mashine Mwanza inayopima mfupa ukiwa ndani ya mwili, ikaonyesha kama umejaa au umeliwa. Mama atakwenda kupimwa, na gharama ni juu yangu. Mfupa haujui kusema uongo. Ikionekana umeliwa, ukoo utakaa kikao mbele ya baba mdogo Polikarpi, na wewe utafunga virago. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Anayemla mama yangu nimeshamjua.

Kokushubira, mama Novath


Ihembe, Karagwe
Ijumaa, 10 Januari 2025

Wifi mkubwa, shikamoo.

Shikamoo hiyo naitoa kwa sababu nililelewa hivyo. Usiihesabu kuwa heshima.

Mama aliangukaje? Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi za bitoke. Mimi na jirani yetu Vero tulikuwa kibanjani tunapunguza majani ya migomba. Mama akainuka afuate maji, mguu ukamponyoka, akatanguliza mkono ajizuie. Basi, hakuna zaidi. Nilisikia akipiga ukunga, nikakimbia, nikakuta kifundo cha mkono kimepinda kama kijiko. Muulize Vero, ingawa najua utasema nimemhonga kwa maziwa yako.

Kitu kimoja nitakubaliana nawe, na kinaniuma kukubali: kwa anguko lile hata kikombe kisingevunjika. Mimi pia nimejiuliza.

Habari ya gauni, wifi, mimi ni mfupi kuliko mama. Gauni langu lingemfika magotini. Ungenitazama siku moja badala ya kunikagua ungeliona hilo. Habari ya maziwa muulize mama mwenyewe. Mimi nimekatazwa kusema, na aliyenikataza si mtu wa kuvunjiwa neno lake.

Kupimwa, apimwe. Lakini nitakwenda naye mimi, sikubali uende wewe kisha urudi na majibu uliyoyatunga ndani ya basi. Unaniambia nifunge virago kama mgeni aliyelala siku mbili. Nina watoto wanne katika nyumba hii, na migomba iliyoizunguka nimeipanda kwa mikono hii. Kwetu wazazi wamekufa na nyumba imeanguka. Sina pa kurudi, nawe unajua, ndiyo maana hilo ndilo unalonitishia.

Gideon yuko safarini na lori. Mume wangu anamwamini yeyote aliyempigia simu mwisho, kwa hiyo najua kesho utampigia.

Avelina


Isingiro
Alhamisi, 16 Januari 2025

Mke wa Gideon,

Eti nimuulize mama. Nimempigia kwa simu ya Vero. Amesema, "Maziwa yanafika mwanangu, Mungu akubariki," halafu akanigeuzia habari za ndama wangu. Hayo ni maneno ya mtu anayesikilizwa na mwingine. Nilikusikia ukikohoa pembeni.

Hospitali wamekubali mwende mwisho wa mwezi. Nenda naye basi, kama unaona kwenda naye kutakuokoa. Na ukimfundisha mama maneno njiani, jua kwamba mashine haifundishiki.

Umesema wewe ni mfupi. Hilo kweli nilikuwa sijaliona. Ulimi wako ni mrefu sana, huwa unanizuia nisione mengine.

Kokushubira


Mwanza
Alhamisi, 30 Januari 2025

Wifi mkubwa, shikamoo.

Namkabidhi barua hii dereva wa basi la Karagwe, atampa Melkiory. Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la hospitali, mama amelala kwenye bega langu. Laiti ungeona bega hilo ni la nani.

Jana alipimwa. Alilazwa kwenye kitanda, mkono wa mashine ukapita juu yake taratibu, kiunoni na kwenye nyonga, kama mtu anayepigwa picha. Hakuchomwa, hakuumia. Alisinzia, na alipoamshwa akamwambia muuguzi kwamba ni mara yake ya kwanza kulazwa hospitali bila kuzaa.

Daktari ametueleza hivi. Mfupa wako unalinganishwa na mfupa wa mwanamke kijana mwenye afya. Ukilingana naye, ni sifuri. Ukipungukiwa, unashuka chini ya sifuri. Ukishuka mpaka mbili na nusu, huo tayari ni ugonjwa, mfupa umekuwa na matundu kama mkate. Mama ameshuka mpaka tatu nukta nane. Na pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea zenyewe, hakuna aliyempiga. Ndiyo maana gauni linaburura, wifi. Gauni ni lilelile, mama ndiye amefupika.

Amesema akianguka tena itakuwa nyonga, na wazee wengi wakivunjika nyonga hawainuki. Nakuandikia hilo kwa utulivu lakini nilipolisikia nililia.

Najua umefurahi. Mifupa imeliwa kama ulivyotaka. Sasa soma na sehemu ya pili.

Daktari alianza kutafuta sababu. Umri, alisema, kila mtu anapungua. Mwanamke akikoma hedhi anapungua kwa kasi zaidi. Akauliza tumbaku, hapana. Pombe, mama akasema rubisi kidogo kwenye harusi. Akauliza kama anatembea na kama anaota jua, kwa sababu jua ndilo linaloufanya mwili uufikishie mfupa chakula chake. Nikasema yeye ni mtu wa jikoni. Kisha akauliza, "Maziwa anakunywa?" Mimi nikainamisha kichwa, kwa kuwa nimekatazwa. Mama akajibu mwenyewe.

"Sinywi."

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Tangu azaliwe mjukuu wangu Novath."

Sasa kwa kuwa amesema mbele ya watu, mdomo wangu umefunguka. Ulipojifungua Novath, mama alikuja Isingiro kukuhudumia. Ulikuwa umelala chumbani na mtoto. Mchana alikula maharage aliyokuja nayo kutoka Ihembe. Kisha akapewa kibuyu cha maziwa kama mgeni, akakipeleka mdomoni. Mama mkwe wako Joviness akauliza amekula nini, na aliposikia maharage akamnyang'anya kibuyu midomoni, mbele ya wanawake wote wa boma, akisema, "Maharage na maziwa tumbo moja! Utatuulia ng'ombe!" Maziwa yakamwagika kwenye kitenge chake kipya. Wanawake wakacheka. Mama akaapa siku hiyo kwamba maziwa ya ng'ombe wa Isingiro hayatapita kooni mwake.

Alirudi nyumbani na hakukuambia, kwa sababu ulikuwa na kichanga na hakutaka ugombane na wakwe zako. Dumu lako la kwanza lilipofika, aliniambia niwape watoto na Vero, na niape kukaa kimya. Nikamwambia basi tununue maziwa ya jirani. Akasema Melkiory atamwambia Koku, na Koku atauliza ya kwake yanakwenda wapi. Kwa hiyo hanywi ya kwako wala ya mtu mwingine. Huyo ndiye mwizi wako wa maziwa.

Daktari ametaka turudi kwake kesho. Anasema kuna kitu usoni mwa mama hakimpendezi.

Avelina


Isingiro
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mke wa Gideon,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia Mwanza.

Mtu aape asinywe maziwa ya mtoto wake wa kuzaa kwa sababu ya kibuyu kimoja? Hata hadithi za sungura zina akili kuliko hiyo. Nimemuuliza mama mkwe jana jioni, akiwa anaota moto. Amesema hakumbuki kitu kama hicho. Hakumbuki! Ni mzee wa zaidi ya miaka themanini, lakini ng'ombe wa marehemu mumewe anawakumbuka kwa majina mpaka leo. Angesahau kumwaibisha mama yangu?

Mwiko huo wa maharage ulikuwepo, sikatai. Hata mimi nilipoolewa hapa niliufuata, na kwa heshima ya mama mkwe bado naufuata. Wewe umeusikia mahali, ukaushonea hadithi.

Halafu nijibu jambo moja, wewe mwenye akili. Kama mama hanywi maziwa, ule uso wa Krismasi umejaa nini? Upepo? Nilimshika mashavu kwa mikono yangu miwili, laini kama ya mtoto anayenyonya. Mashavu yale ni maziwa yangu. Ulikuwa unampa kidogo ya kunionyesha, mengi mnakunywa ninyi, na mifupa inakauka. Kipimo kimesema kweli na wewe umesema uongo, kama nilivyojua.

Kikao kitakaa Jumamosi ya tarehe 22. Baba mdogo Polikarpi amekubali. Gideon amekubali pia, hakuuliza hata swali moja. Andaa watoto kisaikolojia, maana wao wanabaki.

Kokushubira


Ihembe
Ijumaa, 7 Februari 2025

Wifi,

Leo shikamoo sina.

Umeuliza uso wa mama umejaa nini. Nilitaka kulificha jambo hili kwa sababu mama alinisihi kwa machozi, na tangu nitoke Mwanza nimelibeba peke yangu. Lakini umegusa watoto wangu. Soma.

Tuliporudi kwa daktari siku ya pili, alimtazama mama kwa muda, kisha akasema, "Uso huu si wa chakula." Akamwomba avue kanga ya begani. Mashavu mviringo, shingo kwa nyuma imenona, tumbo limejaa, lakini mikono na miguu ni vijiti, na ngozi nyepesi inavilia damu ukiigusa tu. Mimi namwogesha, nilikuwa nayaona yote hayo, nikadhani ni uzee. Akauliza anatumia dawa gani. Mama akasema hatumii. Akauliza tena. Mama akasema yeye ni Mlutheri, hasemi uongo, na hapo nikajua anasema uongo, kwa sababu hajawahi kulitaja kanisa kwa ajili ya kujitetea.

Muuguzi alipomsaidia kuvaa aliona fundo kwenye pindo la kitenge. Ndani yake mlikuwa na vidonge vidogo vimefungwa kwenye karatasi. Vidonge vya mashavu, wifi. Vilevile wanavyouziana mabinti mnadani wakikaribia harusi ili wanenepe. Daktari alivitambua kwa kuviona. Anasema ni dawa ya kweli, inaokoa watu wenye pumu na maradhi mengine, lakini ukiila kila siku bila daktari, miaka inakwenda, uso unajaa na mfupa unatoboka. Mama amekula karibu miaka mitatu. Maziwa kukosekana ni shida, uzee ni shida, lakini kilichomtafuna kwa haraka hivi ni vile vidonge.

Hakukatazwa kwa mara moja. Mwili umeshasahau kujitengenezea dawa yake wenyewe, akiacha ghafla anaweza kufa, kwa hiyo atapunguza kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Amepewa na dawa ya mifupa ya kumeza asubuhi kabla ya kula, akae wima asijilaze. Asubuhi namtoa juani, tunazunguka kibanja taratibu, mkono wangu kiunoni mwake. Nampikia dagaa, anawala na vichwa vyao.

Ulinipigia methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, kilikuwa nguoni, kwenye pindo. Ila hakikuwa mimi.

Kwa nini alivila, hataki kusema. Nimemuuliza mpaka tukakasirikiana, mimi na yeye. Anageukia ukutani.

Avelina


Isingiro
Alhamisi, 13 Februari 2025

Mke wa Gideon,

Sasa umejimaliza kwa mkono wako mwenyewe, na barua yako nitaisoma kikaoni.

Mwanamke wa miaka sabini na ushee, mjane, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, atafute vidonge vya mabinti ili anenepe? Achumbiwe na nani? Wewe ndiye unayekwenda mnadani. Wewe ndiye uliyejua kwamba nikija natazama uso. Ulikuwa unamnyima mama chakula chini, na juu unamjaza mashavu kwa vidonge, kama mchuuzi anayejaza kokoto kwenye gunia la kahawa. Na mimi mjinga nilikuwa nakushukuru moyoni kila nikimwona amenona! Nimelia, Avelina. Nimelia mpaka Muhangi amenikataza kukamua, anasema ng'ombe wanashtuka.

Kama mama akifa, sitakwenda mahakamani. Nitakuja mwenyewe.

Jumamosi tarehe 22, saa nne. Usihangaike kupika.

Kokushubira binti Pulkeria


Ihembe
Jumanne, 18 Februari 2025

Koku mwanangu,

Mkono umefunguliwa jana Kayanga. Umekonda, unanuka, na vidole ni vikavu kama vijiti vya mtama, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke. Barua hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoupa. Nimemkodi bodaboda ailete moja kwa moja, sitaki kungoja dumu.

Barua zenu nimezisoma zote. Yako huja imefungwa kwenye mshikio, na dumu hufika mlangoni Avelina akiwa shambani. Yake hukaa ndani ya dumu usiku kucha hapo jikoni ninapolala mimi siku hizi kwa ajili ya moto. Ile ya Mwanza aliiandika juu ya goti lake na mimi nikiwa begani kwake. Mlidhani nimelala. Nilifundisha watoto wa Jumapili kusoma Zaburi kabla ninyi hamjazaliwa, nyote wawili mmesahau. Nilinyamaza nikitegemea mmoja wenu atachoka. Nimeona hamchoki.

Avelina hakuninunulia vidonge. Nilinunua mimi, kwa mchuuzi wa mnadani, nikamwambia ni vya mjukuu anayeolewa.

Unaikumbuka Pasaka ya mwaka 2022? Mimi naikumbuka. Ulisimama katika ua wangu ukamnyooshea mke wa mwanangu kidole, watoto wakisikia, ukasema, "Nikirudi tena nikamkuta mama amekonda hivi, wewe utaondoka na watoto watabaki." Alikuwa na mimba ya huyu wa mwisho. Alikuwa anapakua, na upawa ulimponyoka mkononi mchuzi ukamwagikia majani. Wewe uligeuka ukaenda kumwita Novath kwenye gari. Hukuona, mimi niliona.

Nilikonda kwa uzee tu, Koku. Wazee hukonda. Lakini wewe ulitaka kuyaona maziwa yako usoni mwangu. Kuyanywa nisingeweza, niliapa mbele ya marehemu baba yako, naye hayupo wa kunifungua. Kukwambia kwamba siyanywi nisingeweza, ungekwenda kuwasha moto kwa wakwe zako. Kukaa nimekonda kungekuwa ndio mwisho wa Avelina katika nyumba hii. Basi nikamsikia binti mmoja pale mnadani akisifiwa mashavu, nikauliza anakula nini.

Krismasi ukanishika uso ukasema, "Mama, maziwa yangu yamekukaa." Ulifurahi kama ulivyokuwa mdogo ukipewa senene. Siku hiyo hukumsema Avelina hata mara moja, mkala pamoja. Nikasema moyoni dawa imefanya kazi. Sikujua inafanyia kazi wapi kwingine.

Sasa mmenipima mifupa, na kila mmoja wenu amepata fimbo ya kumpigia mwenzake. Mimi ninayeumwa mgongo hakuna aliyeniuliza usiku nalalaje. Huyo Avelina unayemtukana ananigeuza akiwa amekunja uso, na wewe unanipenda kwa dumu. Wote wawili mna hasira za kunitosha mpaka kaburini.

Jumamosi nitakaa kwenye kikao hicho, juu ya kigoda changu, na haya niliyoandika nitayasema mbele ya Polikarpi. Akitakiwa mtu wa kuondoka, mwenye kosa ni mimi. Nitafutieni pa kwenda.

Maziwa nayahitaji, daktari amesema na mimi nina masikio. Siku hizi hata nayaota. Lakini kiapo changu sikukiapa juu yako, bojo mwanangu, wala huwezi kukifungua wewe. Nilisema sitayanywa mpaka mkono ulioninyang'anya kibuyu unirudishie. Nimesikia kwamba mwenye mkono huo hakumbuki. Miaka yote hii mimi nimekumbuka peke yangu. Hilo limeniuma kuliko huu mkono.

Mama yako, Pulkeria


Isingiro
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mama Ainebyona,

Dumu la leo ni tupu, usihangaike kulifungua. Nimelituma kwa ajili ya barua tu.

Barua ya mama imenifikia. Hasira zangu ninazo bado zote, ila sijui tena niziweke wapi, kwa hiyo nitaandika yale ya lazima.

Jana usiku nilimsomea mama mkwe barua ile, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti, maana macho yake hayaoni tena. Nilitaka akane ili nipate wa kumpigia kelele. Akasema, "Mwanangu, sikumbuki. Wakati ule niliwanyang'anya wengi." Nilimwambia maneno ambayo mkamwana hamwambii mama mkwe. Muhangi akatoka nje. Bibi akaningoja nimalize, halafu akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya moto, akautazama kama anauona, akasema, "Kama mkono ni huu, basi twende nao."

Amesema Jumamosi hiyohiyo atafika Ihembe, atakula maharage yeye kwanza, mama akimwona. Halafu atakunywa maziwa juu yake. Halafu atampa mama kibuyu. Tangu azaliwe hajawahi kufanya hivyo, na usiku mzima nilimsikia akiwaombea ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Muhangi amegoma kuja. Anasema ng'ombe akifa, tusimlaumu yeye. Atabaki anawalinda.

Kikao nimekivunja. Nimempigia baba mdogo Polikarpi, nimempigia na Gideon. Gideon ameitikia haraka kama alivyoitikia mara ya kwanza. Ningekuwa mimi mke wake ningemchapa.

Wewe na mimi bado. Usije stendi kunipokea mzigo, na usinikumbatie mbele ya watu, sitaweza kuvumilia. Ile Pasaka siikumbuki kama mama anavyoikumbuka. Nimejitahidi tangu jana kuikumbuka na sioni upawa wala mchuzi, naona tu kwamba nilikuwa na haraka. Sasa namwelewa mama mkwe, na sipendi kumwelewa. Kama nina neno la kukuambia nitakuambia jikoni, tukiwa wawili, na wewe usinijibu siku hiyo.

Fungua namba yangu. Nitapiga tukifika Kayanga, bibi hawezi pikipiki, itabidi tutafute gari. Nitakaa kwenu wiki moja. Usiku nitamgeuza mama mimi, unionyeshe tu anashikwa wapi.

Maharage yaloweke tangu Ijumaa, yapikwe mpaka yapondeke. Mama mkwe hana meno.

Kokushubira